Faili la data limeharibika na hakuna logi za akiba: nirejeshe nakala rudufu yote au niliache faili?

Msimamizi_Mpya
Ndugu wanajukwaa, hifadhidata ya Oracle ninayoisimamia katika hali ya NOARCHIVELOG (isiyohifadhi logi za akiba, yaani nakala za logi zilizojaa) imegoma kufunguka tangu asubuhi, ikitoa kosa ORA-01157 (imeshindwa kulifikia faili la data) na kisha ORA-01110 inayotaja faili la data namba 7. Nakala rudufu niliyo nayo ni ya Jumapili, iliyochukuliwa hifadhidata ikiwa imezimwa. Je, niirejeshe yote na kupoteza kazi ya siku 4, au nilitoe faili hilo kwa amri ya OFFLINE FOR DROP (kuliweka nje ya matumizi bila nia ya kulirudisha)?

Fundi_Data
Kabla ya yote, zima hifadhidata na unakili mafaili yote kama yalivyo, pamoja na faili la udhibiti (linaloorodhesha mafaili ya hifadhidata) na logi za redo (kumbukumbu za mabadiliko ya data). Ipo njia ya tatu ambayo wengi huisahau, kwani kukosa logi za akiba si kukosa redo yote. Rejesha faili namba 7 peke yake, ingia hatua ya MOUNT (kabla hifadhidata haijafunguliwa), kisha linganisha CHANGE# ya V$RECOVER_FILE (namba ya badiliko ambapo uponyaji wa faili utaanzia) na FIRST_CHANGE# (namba ya badiliko la kwanza) ya logi kongwe kuliko zote katika V$LOG. Ya kwanza isipokuwa ndogo kuliko ya pili, RECOVER DATAFILE 7 italiponya faili bila hasara. Nakusihi usifungue hifadhidata kabla ya kujaribu hilo, maana ikianza kazi itaandika juu ya redo unayoihitaji.

Mtunza_Nakala
Naunga mkono, ila swali kubwa kwangu ni kilichomo ndani ya faili. Likiwa na faharasa (index) pekee, OFFLINE FOR DROP ndiyo njia bora, kwa sababu faharasa hujengwa upya kutoka kwenye majedwali. Likiwa na majedwali, mimi ningerejesha nakala nzima kwenye mashine nyingine, nikatoa majedwali hayo tu na kuyaingiza huku, kisha nikakagua kwa makini rekodi zinazotegemeana, kwa kuwa haya yatakuwa ya Jumapili na mengine ya leo. Likiwa la SYSTEM (sehemu ya mfumo wa Oracle wenyewe), hakuna mjadala: rejesha yote.

Msimamizi_Mpya
Ahsanteni sana. CHANGE# ilikuwa ndogo, hivyo redo ilikwisha kuandikwa juu. Lakini tablespesi ya faili hilo (sehemu ya hifadhi inayobeba mafaili ya data) ilikuwa ya faharasa pekee. Nimelitoa faili na kufungua hifadhidata, ila kuifuta tablespesi kumekwama kwa ORA-02429 (faharasa inayolinda ufunguo haiwezi kufutwa).

Fundi_Data
Baadhi ya faharasa hizo zinalinda funguo za msingi. Ondoa kwanza masharti ya funguo hizo, futa tablespesi, kisha uyarudishe masharti katika tablespesi mpya.