Naombeni ushauri: maua ya bibi ninayemhudumia yanapukutika majani

Kivuli cha Mwembe: Wakuu salaam. Nipo Massachusetts, namhudumia bibi wa miaka 84. Nyuma ya nyumba, chini ya mti, ana tuta la impatiensi, yale maua ya kivulini ya petali tano. Tumba lake la mbegu ukiligusa tu linapasuka. Wiki mbili hizi majani yamepauka, yanajikunja kwa chini, yanadondoka. Yamebaki mashina matupu. Namwagilia kila jioni. Au nimekosea mbolea? Bibi anayatazama dirishani kila asubuhi nami sina la kumwambia.

Mzee wa Matango: Ubwiri unga huo, ukungu wa majani. Piga salfa. Mimi Kilosa nilichelewa siku tatu tu, nusu eka ya matango ikaenda, na ada ya mtoto ilikuwa humo humo. Mke alininunia hadi mavuno yaliyofuata.

Binti Lushoto: Shikamoo mzee. Ubwiri unga hukaa zaidi juu ya jani. Mleta uzi, geuza jani utuambie chini kuna nini. Na mwaka jana hapo palikuwaje?

Kivuli cha Mwembe: Nimegeuza sasa hivi. Chini kuna weupe kama unga wa muhogo, nikipitisha kidole unabaki kidoleni.

Ndugu Mkweli: Unakesha na maua ya watu. Mama yako umempigia simu lini?

Binti Lushoto: Nimeuliza mwaka jana.

Kivuli cha Mwembe: Yalikuwa mazuri hadi Agosti.

Binti Lushoto: Na Septemba?

Kivuli cha Mwembe: Basi niseme. Yalikufa yote, nikayafukia humo humo tutani yawe mboji, kama tunavyofanya nyumbani na majani ya migomba. Na trei kumi za maua hayo hayo nimeshalipia kwa hela ya bibi, zinakuja Ijumaa. Msinilaumu. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akiyapanda, hataki ua jingine.

Binti Lushoto: Huo ni ubwiri vinyoya, ndugu wa ule wa mizabibu. Ulilipuka Uingereza 2003. Huko Marekani 2011 na 2012 ulifyeka bustani za majimbo mengi. Unasafiri kwa upepo na matone ya maji, na jani likilala limelowa ndipo unapoingia. Kwa hiyo acha kumwagilia jioni. Ila kubwa ni ulichofukia: ndani ya shina linalooza ugonjwa huacha mbegu zake za ganda gumu zinazovuka baridi udongoni. Jani likishapauka, dawa haikuponyeshei. Zuia hizo trei.

Kivuli cha Mwembe: Nilidhani trei mpya zingekuwa na nguvu kuliko hizi.

Chai Rangi: Chai hii. Impatiensi ni ua la kwetu, Usambara linajiotea. Mwaka 1882 Wazungu waliliita *Impatiens sultani* kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Leo mtu alililie Massachusetts? Na Machi, kwenye uzi wa magari, jamaa alisema yupo Tabata.

Kivuli cha Mwembe: Machi nilikuja kumzika baba mdogo, Tabata. Sijamdanganya mtu humu.

Chai Rangi: Pole ndugu. Nafuta kauli.

Mzee wa Matango: Sultani wa mwisho alihamia Uingereza 1964, ua la ukoo wake lishindwe kufika Marekani?

Binti Lushoto: Pole sana kwa msiba. Sikiliza, kama bibi hataki ua jingine, kuna aina zilizozalishwa zihimili ugonjwa huu: Beacon, na nyingine inaitwa Imara, jina la Kiswahili kabisa. Panda kwenye vyungu vyenye udongo mpya. Tuta hilo liwekee begonia, zenyewe haziugui ugonjwa huu. Yaliyopo ng'oa na mizizi, funga kwenye mifuko, usiyatupe kwenye mboji tena.

Kivuli cha Mwembe: Muuzaji amekubali kufuta trei tano, tano amekataa, nitamrudishia bibi hela kutoka kwenye mshahara. Leo nimemweleza yote, hata ya kufukia. Alinyamaza, kisha akaomba glavu. Tumejaza mifuko minne, mimi nang'oa, yeye ameshika mdomo wa mfuko. Anauliza kama hiyo Imara ina nyeupe.