Mrejesho: kabureta mbili za CB350 sasa zinaenda pamoja

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini pikipiki yangu, Honda CB350 ya 1972, inakata silinda ya kushoto kila nikiachia mafuta, hata baada ya kuosha kabureta zote mbili (vifaa vinavyochanganya mafuta na hewa). Aliyesema nipulizie dawa ya kabureta kwenye mpira unaoiunganisha na injini, Mungu ambariki: muungurumo ulibadilika palepale. Mpira ulikuwa na ufa, unavuta hewa! Na mimi wiki nzima nahangaika na skrubu. Nimefunga mipira mipya, skrubu za mchanganyiko wa mafuta na hewa nikazilegeza mzunguko mmoja mmoja, kisha nikarekebisha waya za kuvutia mafuta (zile za mkono wa usukani) mpaka vipepeo vyote viwili, yaani vile vibao vinavyofungua njia ya hewa ndani ya kabureta, vikafunguka sawia. Sasa inatulia kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika, na plagi zote mbili zina rangi ya kahawia, dalili kwamba mafuta yanaungua vizuri. Asanteni sana.