Nimechoka kuambiwa "filamu ndivyo ilivyo" na watu walioiharibu picha yangu kwenye skana

Wanajamvi wenzangu, salaam.

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo nimeikalia kwa wiki tatu, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kuniandikia kwamba dawa yake ni kununua kamera ya dijitali, kwa sababu kamera ya dijitali ninayo, naitumia, na sikuja hapa kuitukana. Ninachokuja kukilalamikia ni huduma za kuskani filamu zinazotuuzia namba badala ya picha, na picha ikiharibika zinaisingizia filamu yenyewe.

Nina negativu moja (ile filamu iliyosafishwa ambayo nuru na kiza vimegeuzwa) ya rangi ya milimita 35, filamu ya ISO 400, yaani nyepesi kunasa mwanga, niliyompigia shangazi yangu akiwa kwenye cherehani. Dirisha liko mkono wake wa kushoto, na kitambaa cheupe kinateremka kutoka mezani hadi karibu na sakafu. Nilitaka ichapishwe kwa ukubwa wa sentimita 40 kwa 60. Ukiilaza negativu hiyo juu ya meza ya mwanga na kuiinamia kwa kioo cha kukuzia, unaihesabu mikunjo ya kitambaa kile mmoja mmoja, ingawa imegeuka kuwa mizito na meusi kama ilivyo kawaida ya sehemu nyeupe kwenye negativu. Nilimkabidhi mtoa huduma mkanda huo pamoja na mwingine wa nyeusi na nyeupe, nikaandika juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, kwamba nataka faili za TIFF, zile zinazotunza taarifa yote ya skani, za biti 16, na kwamba zisiongezwe ukali kwa programu.

Nikaletewa JPEG, faili zilizobanwa ili ziwe ndogo, za biti 8, zikiwa na maelezo ya kujisifu kwamba zimeskaniwa kwa pikseli 9600 kwa inchi na kwamba kila faili ina megapikseli (yaani pikseli milioni) 123. Nikaichapisha. Ule ukali wa programu niliokuwa nimeukataa waliuongeza: sindano ya cherehani ilizungukwa na ukingo mweupe kana kwamba mtu ameipitishia chaki pembeni. Punje za filamu, ambazo kwenye uchapishaji mzuri huonekana kama unga uliotulia, zilikuwa zimevimba na kuwa changarawe. Ukuta nyuma ya shangazi, ambao ulipaswa kufifia taratibu kutoka kwenye nuru ya dirisha hadi kwenye kiza cha pembeni, ulikatika katika mistari mipana kama ngazi. Na kile kitambaa kilikuwa karatasi tupu: hakuna mkunjo hata mmoja, hakuna kivuli, ni weupe mtupu ambao ungeweza kuandikia barua.

Nilipopiga simu kulalamika, nilijibiwa kwa utulivu wa kukera: "Mkuu, filamu ndivyo ilivyo. Ukitaka ukali na usafi, hamia dijitali." Nilipouliza kuhusu TIFF, nikaambiwa kwamba faili hizo ni kubwa mno na hakuna atakayeiona tofauti.

Tuanze na hizo megapikseli 123, maana ndizo zilizonitia hasira kuliko vyote. Fremu ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ukiigawa kwa pikseli 9600 kwa inchi, hesabu inakubali: unapata takriban pikseli 13,600 kwa 9,070. Lakini namba iliyoandikwa kwenye boksi la skana inaeleza ni mara ngapi mashine inachukua sampuli, haielezi lenzi yake inaweza kutenganisha nini. Skana nyingi za mezani, zile za kioo cha bapa ambazo pia huskania nyaraka, hazifikii hata nusu ya namba zinazojitangazia zinapowekewa filamu, na nyingine zinatoa taarifa halisi ya pikseli 2400 hivi kwa inchi. Kinachozidi hapo ni ukungu uliokatwa vipande vidogo zaidi.

Mtu yeyote anaweza kulithibitisha hili bila kifaa chochote cha maabara. Nilichukua faili lao, nikalipunguza hadi robo ya upana na robo ya kimo, nikalikuza tena kufikia ukubwa wake wa awali, nikayaweka yote mawili pembeni kwa pembeni. Nilitafuta tofauti kwenye nyusi, kwenye meno ya gurudumu la cherehani, kwenye uzi. Sikuiona. Maana yake ni kwamba kati ya megapikseli 123 nilizouziwa, picha ilikuwa kwenye megapikseli zisizozidi 8, na zilizobaki ni mzigo wa kujaza diski. Faili la megapikseli 8 la fremu hiyo, likichapishwa kwa sentimita 40 kwa 60, linakupa takriban pikseli 144 kwa inchi, wakati sisi sote tunajua kwamba kwa uchapishaji wa kutazamwa kwa karibu tunatafuta 300, au angalau tusishuke sana chini ya 200. Basi hata kama wasingeharibu kitu kingine chochote, ukubwa ule haukuwa wa faili lile, na ilikuwa kazi yao kuniambia.

Kuhusu biti, ile kauli kwamba hakuna atakayeiona tofauti ni ya mtu ambaye ama hajui kazi yake au anajua na hajali. Negativu ya rangi huhifadhi tofauti ya mwanga ikiwa imebanwa. Picha unayoiona kwenye kioo cha kukuzia ni bapa, imefunikwa na ule utando wa rangi ya chungwa, na ili iwe picha ya kawaida ni lazima igeuzwe na kuvutwa, upande wa giza hadi upande wa nuru. Biti 8 zinakupa ngazi 256 kwa kila rangi. Biti 16 zinakupa ngazi 65,536. Ukivuta ngazi 256 zilizobanwa, zinaachana, na pale zinapoachana ndipo ukuta wa shangazi unapokuwa ngazi za nyumba. Kitambaa kilichopotea nacho hakikupotezwa na filamu. Filamu ya negativu ina uvumilivu mkubwa kwa mwanga uliozidi, kuliko kamera nyingi za dijitali, na mikunjo ile ilikuwepo, nimeiona kwa jicho langu. Ni programu yao ya kujirekebisha yenyewe iliyoamua kwamba nyeupe ni nyeupe na kuikata.

Niliipeleka negativu ileile kwa fundi mwingine, mwenye skana ya filamu pekee ya pikseli 4000 kwa inchi. (Mashine za aina hiyo zinazidi kuadimika; Nikon, iliyokuwa ikitengeneza zilizosifiwa sana, iliacha zamani, na zilizopo zinaishi kwa vipuri na dua.) Akanipa TIFF ya biti 16 yenye megapikseli 21 hivi. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya zile 123, lakini sindano ilikuwa sindano, ukuta ulififia kama ukuta, na kitambaa kilirudi na mikunjo yake yote.

Sasa, kwa wale wanaopenda kuligeuza kila jambo kuwa ugomvi wa filamu na dijitali, naomba niseme nilichokiona, kwa sababu nililijaribu. Nilimrudisha shangazi kwenye cherehani, dirisha lilelile, nikapiga kwa kamera yangu ya dijitali ya megapikseli 24, nikachapisha kwa ukubwa uleule. Kwa hesabu ya pikseli picha hizo mbili zinakaribiana: ya dijitali inatoa takriban pikseli 254 kwa inchi, ya filamu 240. Kwa undani hazikaribiani kabisa. Maandishi madogo yaliyochongwa kwenye kibati cha cherehani yanasomeka kwenye ya dijitali. Kwenye ya filamu unayaona kwamba ni maandishi, basi. Sababu yake si siri. Faili la kamera ni picha ya kitu chenyewe, lakini skani ni picha ya picha: mwanga umeshapita kwenye lenzi ya kamera, umeshatua kwenye punje, kisha unapita tena kwenye lenzi ya skana, na kila hatua inachukua ushuru wake. Ndiyo maana pikseli ya skani na pikseli ya kamera hazihesabiwi kwa mizani moja, na anayezilinganisha moja kwa moja anajidanganya. Hata dijitali ina makisio yake, kwa kuwa kwenye sensa nyingi kila pikseli hunasa rangi moja tu kati ya tatu na nyinginezo hukisiwa na programu, lakini makisio hayo yanafanywa mara moja, juu ya taarifa safi.

Kwa hiyo nakubali bila kinyongo: kwa filamu ya milimita 35 yenye kasi ya ISO 400, ukitaka uchapishaji mkubwa wenye undani mwingi, kamera ya kawaida ya dijitali ya leo inaishinda. Kilichobaki kwa filamu ni namna nuru ya dirisha ilivyoteremka kwenye shavu la shangazi hadi kwenye kitambaa bila kukatika ghafla popote, na hicho kwangu kina thamani. Ukipanda hadi fremu ya sentimita 6 kwa 7, hesabu inageuka. Eneo lake ni zaidi ya mara nne na nusu ya fremu ya milimita 35, na hata skani ya kweli ya pikseli 2400 tu kwa inchi inakupa megapikseli 35. Hapo hata ile skana ya mezani niliyoilaani juu ingetosha, mradi filamu imelazwa bapa na anayeiendesha yuko macho.

Ndiyo maana majibu ninayoyasoma humu yananichosha. Upande mmoja yupo anayesema filamu haina kikomo cha undani, kauli ambayo punje zenyewe zinaikanusha. Upande wa pili yupo anayesema alilinganisha na filamu ikashindwa vibaya, na ukimhoji aliskania wapi, unakuta alipewa JPEG za kuoneshea kwenye simu zilizotoka pamoja na kusafisha mkanda. Huyo hakulinganisha filamu na dijitali. Alilinganisha kamera yake na skana mbovu ya mtu mwingine. Tena wengi wetu hatukumbuki kwamba tangu mashine za dijitali zilipoenea kwenye maabara za kusafishia picha, hata zile picha ndogo za karatasi tunazoletewa na mkanda zimepita kwenye skana kabla ya kufika kwenye karatasi.

Mkanda wa nyeusi na nyeupe ulipata mkasa wake. Waliwasha kisafisha vumbi cha infraredi, yaani cha mwanga usioonekana kwa macho. Kifaa hicho ni kizuri kwa filamu ya rangi, kwa kuwa rangi za filamu hupitisha infraredi na vumbi huizuia, hivyo mashine inajua vumbi liko wapi. Lakini picha ya filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe ni fedha, na fedha nayo huizuia infraredi. Mashine ikaiona picha yenyewe kuwa ni uchafu na kuanza kuifuta: kope zimepakwa kama masizi, nywele zimeyeyuka. Hili limeandikwa kwenye vijitabu vya maelekezo vya skana hizo, wala halihitaji utaalamu, linahitaji kusoma.

Hayo yote yangeweza kusahihishwa kwa kuskani upya. Lisilosahihishika ni mkwaruzo. Negativu ya shangazi imerudi na mstari mrefu upande wa mgongo, unaokwenda sambamba na ukingo wa filamu, wa namna inayotokea mkanda unapovutwa kwenye kishikizo chenye chembe ya mchanga. Nilipoipeleka haukuwepo, na picha niliyoipiga kwa simu juu ya meza ya mwanga siku ya kuikabidhi ninayo. Nimewatumia picha hiyo mara mbili. Mara ya kwanza waliniuliza kama nina uhakika ni negativu yangu. Mara ya pili hawakujibu.

Fundi wa pili aliweza kuuziba mkwaruzo huo kwa sehemu kubwa, isipokuwa pale unapokatiza gauni la shangazi, ambapo umebaki kama mstari mwembamba mweupe. Nilipompelekea shangazi picha yake, aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia siku ile kwamba uzi ulikuwa umemng'ang'ania kwenye nguo.