Vituo binafsi vya kulea watoto: serikali ilipe zaidi au ijenge vyake?

Mwenye Kengele
Wadau, tulijadili hili bila matusi. Serikali inasema itawalipia watoto, kituo cha mtu binafsi kinawapokea, halafu fedha zinachelewa na zikija hazifikii gharama. Pengo linazibwa na mzazi anayelipa ada kamili, au na mlezi anayepunguziwa saa za kazi. Ruzuku ipandishwe, au serikali ijenge vituo vyake yenyewe?

Fundi wa Hesabu
Ijenge vyake. Ukitia fedha ya umma kwenye biashara ya mtu unanenepesha biashara, siyo mtoto. Waulizeni Waaustralia. Kampuni yao ya ABC Learning ilikuwa na vituo vya kulea watoto zaidi ya 1,000, inakula ruzuku huku inakopa na kununua vingine. 2008 ikaanguka, serikali ikatoa mamilioni tena ili milango isifungwe. Na tusidanganyane, kuangalia watoto walale na wasianguke hakuhitaji fedha zote hizo. Bibi yangu alilea kumi na mmoja bila cheti.

Mlezi Chumba cha Kwanza
Eti walale na wasianguke! Jana saa nne asubuhi nilikuwa na watatu, wote hawajafika mwaka. Mmoja anaharisha, namfunga nepi. Wa pili kajifunza kusimama kwa kushika kitanda lakini kukaa chini bado hajui, basi analia wima. Wa tatu kimya, na huyo ndiye aliyenitoa jasho. Mtoto akinyamaza ana kitu mdomoni. Nikakuta kifuniko cha kalamu. Bibi yako hao kumi na mmoja aliwazaa siku moja?

Fundi wa Hesabu
Bibi yangu muache apumzike. Hujagusa ABC Learning hata kidogo, umekuja na povu la nepi.

Kaka wa Zamu
Wewe ndiye uliyemfukua bibi, mkuu.

Shangazi Mpole
Mimi naona tatizo ni jina. Tukiwaita mayaya, tunawalipa kama mayaya.

Mlezi Chumba cha Kwanza
Shangazi, shikamoo. Yaya naye ni mfanyakazi, anastahili kulipwa vizuri. Usimpandishe mmoja kwa kumkanyaga mwenzake.

Shangazi Mpole
Marahaba mwanangu. Sikuwa na nia hiyo, lakini nimekusikia.

Kaka wa Zamu
Turudi kwenye fedha. Kanada si waliweka ada ya dola kumi kwa siku tangu miaka ya tisini? Mbona wao wameweza?

Mwenye Kengele
Umechanganya. Jimbo lao la Quebec lilianza 1997 kwa dola 5. Hiyo ya 10 ni mpango wa nchi nzima wa 2021. Na hao "walioweza" wana foleni ndefu za kusubiri nafasi, maana ukishusha ada wazazi wanafurika, na walezi hawaongezeki kwa sababu umetoa tangazo.

Nina Kituo
Nimesoma kimya, sasa niseme. Mtoto akipata mafua akalala kwao siku tatu, mimi silipwi siku hizo. Mlezi wake je, nimwambie naye aumwe? Kanuni ya Uingereza ni mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Sina ubishi nayo, ila akibaki mtoto mmoja chumbani mlezi ni yuleyule na mshahara ni uleule. Kulekule kuna saa 30 za bure kwa wiki. Zilianza 2017 kwa wa miaka 3 na 4 ambao wazazi wao wanafanya kazi, 2025 zikashuka hadi miezi 9. Tatizo serikali inazihesabu kwa wiki 38 za mwaka. Mwenye nyumba anadai kodi ya wiki 52.

Fundi wa Hesabu
Bado una kituo, kwa hiyo faida ipo. Tuonyeshe hesabu zako.

Nina Kituo
Nitakuonyesha siku utakayokuja kumsubiri mzazi aliyechelewa hadi saa moja usiku, mtoto ameshavaa begi mgongoni, kila gari likipita anasimama.

Kaka wa Zamu
Hiyo siyo hesabu, dada. Pole, lakini siyo hesabu. Hapo Fundi ana hoja: fedha ya umma ikiingia, vitabu vifunguliwe.

Nina Kituo
Vifunguliwe. Na wao walipe kwa tarehe.

Fundi wa Hesabu
Hapo tumekaribiana, nisiseme mengi. Ila nina swali kwa yule wa chumba cha kwanza: kalamu ilifikaje kwa watoto wachanga? Huo si uzembe?

Mlezi Chumba cha Kwanza
Ni ya kujazia fomu ya mahudhurio. Serikali inataka ijazwe palepale mtoto alipo, la sivyo hailipi.