Mabinti waliozaa kurudi shule, huko kwenu hali ikoje?

Habari wakuu. Mdogo wangu alipata mimba akiwa form two, mtoto sasa ana miezi saba. Nimesikia anaruhusiwa kurudi shule ya serikali, ni kweli au maneno tu? Mzee anasema asipoteze hela, bora akajifunze cherehani.

MamaTatu: Kweli kabisa dada. Waraka wa Wizara ya Elimu huku Tanzania Bara ulitoka Novemba 2021, kabla ya hapo mimba ilikuwa unafukuzwa basi. Sasa anapewa muda wa miaka 2 tangu aache shule awe amerudi, usichelewe, nenda kwa mkuu wa shule na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama unacho. Zanzibar wao waliruhusu tangu 2010.

Mwl_Kusini: Mimi nafundisha, ninaye mmoja darasani. Saa nne akisikia kengele anabana daftari kifuani maana shati limelowa maziwa, na nyumbani ni kilomita nne, kwa hiyo hamfikii mtoto mpaka jioni. Ruhusa ipo ila pa kunyonyeshea hamna, hapo ndo serikali iongeze nguvu jamani, wengi wanakata tamaa hapo hapo.

Chande: Na aliyempa mimba je? Tangu 2016 sheria inasema miaka 30 jela, lakini kwetu familia zinakaa zinayamaliza kimyakimya, hela inapokelewa, binti ndo anabaki na mzigo.

MamaTatu: @Chande umenena. Dada, mtoto nani atabaki naye mchana? Hilo lipangeni kwanza na mama.