Naombeni ushauri: nianzie wapi kutengeneza plagini (programu-nyongeza) ya Grafana?

Mchorajoto:
Wakuu, heshima kwenu. Nina mwaka mzima natumia Grafana, programu ya kuonyesha vipimo kwa michoro, kufuatilia halijoto ya vyumba vya seva. Sasa natamani paneli yangu mwenyewe: mchoro wa chumba, kila kabati la seva libadilike rangi joto linapopanda. JavaScript najimudu, React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa) ndiyo kwanza naishika. Wiki mbili nimefuata somo moja la zamani, nimenakili kila faili, lakini paneli haitokei kabisa kwenye orodha. Nakosea wapi? Au nianze na plagini ya chanzo cha data?

FundiGrafu:
Mkuu, hilo somo ni la Angular, mfumo wa zamani wa kuandikia plagini? Kama ndivyo, achana nalo leo hii. Toleo la 11 la mwaka 2024 liliizima Angular, la 12 likaing'oa kabisa. Hata usipokosea herufi moja, haitatokea.

Fungua folda mpya, andika `npx @grafana/create-plugin@latest`, chagua paneli. Ukishajibu maswali yake, ingia kwenye folda ya plagini iliyotengenezwa, endesha `npm install`, kisha `npm run dev`. Kwenye dirisha lingine endesha `npm run server`. Hiyo inahitaji Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya kontena. Halafu ingia `localhost:3000`.

BintiTakwimu:
Anza na paneli, ndugu yangu. Chanzo cha data kina mambo ya nywila na ruhusa, na ukitaka kitoe tahadhari lazima uandike upande wa seva kwa lugha ya Go. Utachoka kabla hujaona chochote kwenye skrini.

Fungua `SimplePanel.tsx`, ondoa duara lililomo, chora mstatili mmoja wa SVG (michoro inayoandikwa kwa msimbo). Mmoja tu! Kabla ya rangi, weka `console.log(data.series)` uone data inavyoingia: orodha ya majedwali, kila jedwali lina `fields`, yaani safu zake, na kila safu ina `name`, `type` na `values`. Watu wengi huruka hapa, kisha wanahangaika siku nzima.

Na tafadhali usiandike mipaka ya joto ndani ya msimbo. Ongeza `.useFieldConfig()` kwenye `module.ts`, mtumiaji ataweka mipaka mwenyewe. Wewe unaiuliza safu: `field.display(thamani).color`. Nilipoijua hiyo nilifuta mistari mingi sana ya `if`.

FundiGrafu:
Nyongeza: ukigusa `plugin.json`, washa Grafana upya, la sivyo mabadiliko hayaonekani. Na `id` iliyomo humo ifikirie vizuri sasa. Dashibodi huikumbuka paneli kwa `id` hiyo. Ukiibadilisha baadaye, dashibodi za watu zitaikosa.

Mchorajoto:
Asanteni sana. Kweli lilikuwa la Angular. Nimeanza upya jana usiku, nikatumia TestData (chanzo cha data za majaribio cha Grafana) badala ya vipimo halisi. Mstatili wangu umetoka kijani, nikashusha mpaka hadi 20, ukawa mwekundu palepale. Leo naongeza kabati la pili. Swali: majina ya makabati niyatoe kwenye `field.name` au kwenye lebo?

BintiTakwimu:
Tumia `getFieldDisplayName`. Inazingatia lebo pamoja na jina ambalo mtumiaji amejiwekea.