MREJESHO: Mshahara wa kufundisha Kiingereza Bangkok

Wakuu, niliuliza kama baht 35,000 (pesa ya Thailand) kwa mwezi zinamtosha mwalimu wa Kiingereza Bangkok. Zinatosha, ila mwezi wa kwanza nusura nikimbie. Chumba ni baht 8,000, lakini mwenye nyumba alitaka amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mbele: 24,000 taslimu, na mshahara unaingia mwisho wa mwezi! Mliosema nije na akiba, mliniokoa.

Chakula cha mtaani ni nafuu. Mwizi ni umeme: mwenye nyumba anaiuza uniti baht 8, nami nilikuwa nawasha kiyoyozi usiku kucha. Sasa nalala na feni.

Kinachonipa tumbo joto ni Aprili. Mkataba wangu ni wa miezi 10, na Aprili shule ziko kwenye likizo ndefu, ambayo hailipwi.